TREKTA YETU: TUITENGENEZE AU TUIUZE?



Mkutano mkuu wa tawi utakaa mwezi huu, na jambo kubwa litakalowekwa mbele yetu ni habari ya trekta. Kila mtu ajua kwamba trekta yetu ni mgonjwa. Asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Ikiwaka hutoa moshi wa buluu. Oili hupungua kila siku. Tena ikifika penye mwinuko na plau ya diski tatu, huchoka kama mzee aliyebeba gunia.

Tangu habari hiyo ienee, wanachama wamegawanyika pande mbili. Wako wasemao, "Iuzwe leo, kabla haijafa kabisa." Na wako wasemao, "Haiuzwi hata kidogo, kwa maana ni jasho letu." Pande zote mbili zina haki ya kusikizwa. Lakini zote mbili zataka kukata shauri kabla ya kupiga hesabu. Basi twaweka hesabu hapa ili siku ya mkutano tusipige kura kwa hasira wala kwa mapenzi.

NI KWA NINI TUNA TREKTA

Trekta haikununuliwa iwe pambo la tawi. Wengi wetu hufanya kazi katika mashamba makubwa ya Trans Nzoia, na nyumbani kila mtu ana kipande chake: mmoja nusu ekari, mwingine ekari moja, mwingine mbili. Mwenye trekta ya kukodisha hapendi kipande cha nusu ekari. Akigeuka mara mbili amefika mpakani, na dizeli yake imekwenda bure. Kwa hiyo huanza na mashamba ya ekari hamsini na mia, halafu akipata nafasi ndipo hutukumbuka sisi. Na akifika, mvua imekwisha kunyesha na jirani amekwisha kupanda.

Kuchelewa huko si jambo dogo. Katika miaka ya 1960, wakati mbegu ya mahindi ya 611 ilipotolewa kule Kitale mwaka wa 1964, majaribio yaliyofanywa huko yalionyesha wazi kwamba mahindi yaliyochelewa kupandwa baada ya mvua kuanza hupunguza mavuno, hata kama mbegu ni nzuri na mbolea imetiwa. Mkulima wa ekari mia akipoteza gunia chache katika kila ekari ataumia, lakini hatalala njaa. Mjane mwenye ekari moja akipoteza gunia hizo hizo, amepoteza chakula cha watoto wake cha miezi kadhaa. Kwa hiyo kila atakayesema siku ya mkutano akumbuke kwamba hatupimi chuma tu. Twapima mahindi ya mwaka ujao.

UMRI PEKE YAKE SI UGONJWA

Wengine husema, "Trekta hii ni kuukuu mno, haina dawa." Yafaa tujue ni trekta gani. Yetu ni Massey Ferguson 135. Aina hiyo ilianza kutolewa Coventry, Uingereza, mwaka wa 1964, na huko iliendelea kuundwa mpaka mwaka wa 1975. Injini yake ni Perkins ya dizeli, ya silinda tatu, kiasi cha lita mbili na nusu. Basi hata iliyo changa kabisa katika ukoo huo imekwisha kupita miaka 50. Kiwanda kile cha Coventry hakipo tena.

Lakini mashine haifi kwa miaka. Hufa vipuri vyake vinapokosekana, au gharama ya kuifufua inapopita faida yake. Kwa habari ya vipuri, tuna bahati. Trekta za ukoo huu ziliuzwa kwa wingi sana duniani, na viwanda vya Pakistan na India viliendelea kwa miaka mingi kuunda trekta zenye injini ya silinda tatu ya asili hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo pistoni, ringi, slivu, beringi na gasketi hupatikana madukani, na fundi wanaoijua injini hii wako katika kila mji wa Bonde la Ufa. Mwenye trekta ya aina iliyoletwa chache tu nchini hana bahati hiyo, hata kama trekta yake ina umri wa miaka kumi.

Bahati hiyo ina hatari yake. Penye vipuri vingi, vya bandia navyo havikosi. Ringi mbaya hula slivu nzuri, na baada ya msimu mmoja moshi wa buluu hurudi. Vipuri vinunuliwe na mtu wa kamati pamoja na fundi, kwa risiti, na vile vya zamani virudishwe mikononi mwa kamati ili tuone kweli vilitolewa.

UGONJWA UJULIKANE KWANZA

Mpaka leo hatujui kwa hakika injini inaumwa na nini. Twajua dalili tu, na dalili ni shahidi asiyesema yote. Moshi mweusi mara nyingi huonyesha kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa: labda chujio la hewa limeziba, labda nozeli zimechoka. Moshi mweupe waweza kuwa dizeli isiyoungua, au maji yaliyoingia silindani. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Kwetu ni buluu, na oili haijageuka kuwa kama maziwa, na maji ya rejeta hayapungui. Kwa hiyo inaelekea kwamba ringi na slivu zimelika, wala si hedi iliyopasuka. Lakini kuelekea si kujua.

Kuna vipimo vya bei ndogo ambavyo vyapasa kufanywa kabla ya kufungua injini. Kwanza chujio la hewa na machujio ya dizeli yasafishwe au yabadilishwe, na nafasi za valvu zipimwe. Pili nozeli zipelekwe kupimwa. Tatu fundi apime nguvu ya kubana hewa katika kila silinda kwa saa yake ya kupimia. Silinda moja ikiwa dhaifu na mbili nzuri, hiyo ni habari moja. Zote tatu zikiwa dhaifu, ni nyingine, na bei yake ni nyingine. Nne atazame bomba la kupumulia la injini: likipuliza moshi kwa nguvu, hewa inapita pembeni mwa pistoni na kushuka chini.

Twawaonya vijana wanaopenda kujaribu. Fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikiwaka, ili asikie ni silinda gani haifanyi kazi. Jambo hilo ni la fundi peke yake. Dizeli itokayo kwa nguvu ile hupenya ngozi kama sindano, na mtu aweza kupoteza kidole au mkono. Asishike mtu kwa mkono mahali panapovuja.

Vipimo hivi vyote ni gharama ndogo ukilinganisha na kazi yenyewe, na faida yake ni kubwa hata kwa wale wanaotaka kuuza. Kwa maana anayekuja kununua trekta ambayo ugonjwa wake haujulikani hutoa bei ya maiti. Husema, "Labda bloku imepasuka, labda krankshafti imekwisha," na kila labda yake hupunguza bei yetu. Tukiwa na karatasi ya fundi mkononi, labda zake zote zimekwisha.

HESABU YENYEWE

Sasa tupige hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Makadirio ya fundi yakija, kila mwanachama aondoe hizi na kutia zile za kweli.

Tuseme mnunuzi atatoa Sh. 280,000 kwa trekta kama ilivyo. Tuseme trekta ya namna hii iliyo nzima, inayowaka asubuhi bila kusukumwa, huuzwa Sh. 550,000. Na tuseme fundi amekadiria matengenezo kuwa Sh. 230,000.

Wengi watasema kutengeneza kwatugharimu Sh. 230,000. Sivyo. Tukitengeneza, twaziacha pia zile Sh. 280,000 ambazo tungepewa na mnunuzi. Kwa hiyo trekta iliyotengenezwa inasimama kwetu kwa Sh. 510,000. Swali la haki ni hili: kwa Sh. 510,000 twaweza kupata trekta nyingine iliyo bora kuliko hii yetu ikiwa na injini iliyofanywa upya? Kama sokoni trekta nzima ya aina hii ni Sh. 550,000, jibu ni hapana, na kutengeneza kuna faida. Lakini fundi akisema Sh. 300,000, yetu itasimama kwa Sh. 580,000, na hapo jibu limegeuka: afadhali kuuza na kununua nyingine, mradi hiyo nyingine nayo ipimwe.

Twaona basi kwamba mpaka ni tofauti ya bei mbili: bei ya trekta nzima, toa bei ya trekta kama ilivyo. Katika mfano wetu mpaka ni Sh. 270,000. Chini yake tutengeneze. Juu yake tufikiri kwa uangalifu sana.

Ziko fedha ambazo hazimo katika hesabu hii, nazo ni zile tulizokwisha kutumia. Tumesikia wanachama wakisema, "Mwaka juzi tulinunua magurudumu mapya, hatuwezi kuuza sasa." Na wengine, "Imetula sana, haifai kulishwa tena." Maneno yote mawili yana kosa moja. Fedha zilizokwisha liwa hazirudi, tukiuza au tukitengeneza. Magurudumu yale yanaingia katika hesabu mara moja tu, katika bei ambayo mnunuzi atatoa. Tutazame mbele.

Sasa tutazame ekari. Tuseme trekta hulima ekari 250 kwa msimu, na baada ya dizeli, oili, mshahara wa dereva na wa turniboi, hubaki Sh. 800 kwa ekari. Hiyo ni Sh. 200,000 kwa msimu. Sh. 230,000 zitarudi baada ya ekari 288, yaani baada ya msimu mmoja na kidogo. Injini ikidumu misimu minne, yaani ekari 1,000, matengenezo yatakuwa yametugharimu Sh. 230 tu kwa ekari.

Wako wanaotaka tuchukue mkopo na kununua trekta mpya. Hatuwalaumu, nani hapendi kitu kipya? Lakini trekta mpya ni mamilioni ya shilingi. Tuseme tumekopa Sh. 2,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza, kama deni halijapunguzwa, ni Sh. 300,000. Ekari zetu zote 250 zingetoa Sh. 200,000. Hata riba peke yake hazingeilipa, licha ya deni lenyewe. Ndipo trekta ingelazimika kwenda kulima mashamba makubwa ili ilipe benki, na vipande vyetu vya nusu ekari vingerudi kuwa vya mwisho, safari hii nyuma ya trekta yetu wenyewe. Mwenda mbio hujikwaa dole.

KIASI CHA MWISHO KIWEKWE MAPEMA

Hapa ndipo hasa twataka wanachama wasikize. Injini ikifunguliwa bila mpaka wa fedha kuandikwa, mpaka haupo tena. Leo utaambiwa ni ringi tu. Kesho slivu nazo hazifai. Kesho kutwa krankshafti yahitaji kuchongwa. Baadaye pampu ya dizeli ipelekwe kupimwa. Kila moja ya gharama hizo ni ya kweli, wala fundi si mwongo. Mtu haoni ndani ya injini iliyofungwa. Lakini kila mara tutajiambia, "Tumekwisha toa nyingi, tumalizie," na siku moja tutakuta tumelipa bei ya trekta mbili.

Kwa hiyo shauri letu ni kwamba mkutano uweke kiasi cha mwisho kabla spana haijagusa bloku, na kiasi hicho kiandikwe katika kumbukumbu. Fundi akishafungua, asimame. Apime slivu na krankshafti, kisha aandike makadirio ya pili. Krankshafti huweza kuchongwa kwa vipimo vya sehemu 10, 20 au 30 za elfu za inchi, na beringi za vipimo hivyo huuzwa. Kama yetu imekwisha kuchongwa mpaka mwisho, itabidi kununua nyingine, na hesabu itabadilika. Makadirio ya pili yakiwa ndani ya kiasi kilichowekwa, kazi iendelee bila kuitisha mkutano mwingine, maana mvua haingoji mkutano. Yakipita, kazi isimame, na trekta iuzwe pamoja na karatasi zake zote.

Hatuoni aibu katika kuuza. Kama hesabu yasema tuuze, tuuze. Lakini tuuze kama watu wenye akili. Zabuni zitangazwe kwa wote, zifunguliwe mbele ya wanachama, na fedha ziingie katika akaunti ya tawi siku ile ile. Asiwepo mjumbe wa kamati, wala ndugu yake, anayenunua kwa mlango wa nyuma. Na kitabu cha umiliki kihamishwe NTSA kabla trekta haijaondoka. Kwa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yule ambaye jina lake limeandikwa ndiye ahesabiwaye kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Trekta iliyouzwa kwa neno la mdomo ikigonga mtu barabarani, hati zitaletwa kwetu.

DEREVA NA USALAMA

Liko jambo jingine ambalo chama cha wafanya kazi hakiwezi kulipita. Dereva wetu na turniboi wake ni wafanya kazi, na mwajiri wao ni sisi. Kila siku twawaambia waajiri kwamba mashine ikiharibika si kosa la mtumishi, wala haifai akatwe mshahara kwa siku ambazo mashine imesimama. Neno hilo ni la haki kwao na ni la haki kwetu. Katika hesabu ya matengenezo mshahara wa watu hawa wawili utiwe kama gharama nyingine yoyote, wala usingojwe mpaka injini iwake.

Tena, tukitengeneza injini na kuacha mengine, tutakuwa tumelipa nguvu iendayo hatarini. Trekta nyingi za zamani hazina chuma cha kumkinga dereva ikipinduka. Kifuniko cha shafti ya nyuma inayozungusha mashine mara nyingi kimeng'olewa, na shafti hiyo hushika nguo na kumvuta mtu kabla hajapiga kelele. Breki za gurudumu moja zikivuta kuliko za lingine, trekta yenye trela hugeuka barabarani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape wafanya kazi mashine zilizo salama. Haikusema, "isipokuwa mwajiri akiwa chama cha wafanya kazi." Kwa hiyo breki, kifuniko cha shafti na chuma cha kinga viingizwe katika makadirio tangu mwanzo.

MASHAURI YETU KWA MKUTANO

Twapendekeza mambo haya matano.

1. Trekta ipimwe kwanza na fundi asiye na nia ya kuinunua wala kuiuza, na karatasi yake isomwe mbele ya mkutano kwa lugha ambayo kila mtu aielewa.

2. Bei mbili zitafutwe sokoni: ya trekta kama ilivyo na ya trekta nzima ya aina hiyo. Tofauti yake ndiyo iwe kiasi cha mwisho cha matengenezo.

3. Makadirio yakiwa ndani ya kiasi hicho, injini itengenezwe mara moja ili trekta iwe shambani kabla ya mvua za Machi na Aprili. Yakipita, iuzwe kwa zabuni ya wazi.

4. Trekta ikirudi kazini, au ikija nyingine, kuwe na daftari moja la kuandika saa za kazi, oili iliyotiwa, oili iliyobadilishwa na ekari zilizolimwa, likaguliwe kila Jumamosi. Katika kila ekari zitengwe shilingi kadhaa kwa matengenezo, ziwekwe mahali pake, wala zisiguswe kwa jambo jingine lolote.

5. Zamu ya kulima ifuate orodha, na vipande vidogo vya wanachama vitangulie kabla ya kazi za kukodisha.

Shauri la nne latupasa hata kama tutauza. Trekta ya mtu mmoja ina bwana anayeisikiliza kila asubuhi. Trekta ya watu wengi yaweza kukosa hata mmoja, kwa kuwa kila mtu adhani mwenzake ameitazama. Daftari ndilo bwana wa trekta ya watu wengi. Bila daftari, hata trekta mpya kutoka kiwandani itafika hapa ilipo hii, nayo haitachukua miaka 50.

Sisi wenyewe twaona kwamba dalili zilizopo zaelekea upande wa kutengeneza. Vipuri viko, fundi wako, ugonjwa unaonekana kuwa wa kulika wala si wa kupasuka. Lakini tuko tayari kushindwa na karatasi ya fundi. Mwanachama aliye na habari ya bei, au anayemjua fundi mwaminifu, amletee Katibu wa tawi kabla ya siku ya mkutano. Na siku hiyo asibaki mtu nyumbani akasema wengine watamwamulia. Aliyetoa hisa kubwa na aliyetoa hisa ndogo wana kura moja moja, na mvua itawanyeshea wote siku moja.